Akiitwa haitiki, lakini feni anaiangalia nusu saa: Mzazi, chunguza umakini wa mwanao unaelekea wapi

Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minane. Ukimpa vizibo vya soda atavipanga mstari mmoja mrefu kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, na kimoja kikikaa vibaya atarudi kukirekebisha. Feni ikiwashwa ataiangalia mpaka chai yake ipoe. Lakini ukimwita jina lake ukiwa hatua mbili nyuma yake, hageuki. Unaita tena. Kimya.

Nyumbani kila mtu ana tafsiri yake. Bibi anasema mtoto ni mkaidi, azoeshwe fimbo mapema. Baba anasema hata yeye alichelewa kuzungumza, kwa hiyo aachwe akue. Jirani anahisi ni masikio. Shangazi anacheka na kusema hizo ni akili nyingi, huyo atakuwa injinia. Mama amebaki katikati na swali lake: mtoto anayeweza kutulia hivi kwa ajili ya kizibo, anashindwaje kunitazama mimi mama yake kwa dakika moja?

Swali la mama huyo ndilo ambalo watafiti wa usonji wamekuwa wakilifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 30. Jibu lao kwa ufupi ni hili: mtoto mwenye usonji hakosi umakini. Anao, na katika baadhi ya mambo anaweza kuwazidi wenzake. Tofauti iko katika mambo matatu: umakini wake unaelekea wapi, unahama vipi kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na kama anaushirikisha kwa mtu mwingine.

Ukiyajua hayo matatu, utaacha kubishana na bibi na shangazi, na utajua la kufanya.

Kwanza tujue watoto wengi hukuaje

Usonji ni hali ya tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana maishani. Huonekana katika namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, na katika tabia au mambo anayoyapenda na kuyarudia rudia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo si jambo la nyumba moja mtaani.

Ili kuona tofauti, tuanze na njia ambayo umakini wa watoto wengi huipitia.

Tangu siku za mwanzo sura ya binadamu humvuta mtoto mchanga kuliko vitu vingine. Akifika miezi 9, watoto wengi huangalia wanapoitwa jina. Kati ya miezi 9 na 14 hivi huanza kufuata macho yako na kidole chako: ukiangalia dirishani, naye anaangalia dirishani.

Halafu huanza kunyoosha kidole mwenyewe. Hapa mzazi awe makini, kwa sababu vidole ni vya aina mbili.

Kuna kidole cha kuomba. Mtoto ananyoosha kidole kwenye kikombe kwa sababu anataka maji. Wengi wanakuwa nacho wakifika miezi 15.

Na kuna kidole cha kuonyesha. Ndege inapita angani, mtoto ananyoosha kidole juu, anakugeukia wewe, kisha anaiangalia ndege tena. Haombi kupewa ndege. Anachotaka ni wewe uone alichokiona yeye. Wengi wanakuwa nacho wakifika miezi 18.

Kitendo hicho cha sekunde tatu kina pembe tatu: mtoto, wewe na ndege. Wataalamu hukiita umakini wa pamoja. Humo ndimo mtoto hujifunzia maneno. Fikiria unamwambia "paka". Paka amekaa juu ya ukuta, pembeni kuna ndoo, chini kuna kuku. Mtoto atajuaje kuwa neno hilo ni la mnyama na si la ndoo? Anafuata macho yako. Asiyefuata macho yako anasikia neno lile lile, lakini halijui ni la nini.

Tofauti ya kwanza: umakini unaelekea wapi

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Julie Osterling na Geraldine Dawson, walifanya jambo rahisi sana. Walichukua video ambazo familia zilikuwa zimejirekodia zenyewe kwenye sherehe za mtoto kutimiza mwaka mmoja. Video 11 zilikuwa za watoto ambao baadaye walibainika kuwa na usonji, na 11 za watoto wengine.

Kisha walihesabu mambo manne: mtoto anaangalia watu mara ngapi, anaonyesha vitu, ananyoosha kidole, na anageuka akiitwa jina. Kwa mambo hayo manne tu, waliweza kuwatambua kwa usahihi watoto 10 kati ya 11 katika kila kundi. Keki, maputo na nyimbo vilikuwa vile vile. Kilichotofautiana ni mahali watoto walipopeleka macho yao.

Baadaye vikaja vifaa vinavyofuatilia mboni za macho na kurekodi mtoto anaangalia nini hasa kwenye kioo. Mwaka 2011 Karen Pierce wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na wenzake walitoa matokeo ya watoto 110 wenye umri wa miezi 14 hadi 42. Kila mtoto alionyeshwa filamu ya dakika moja. Upande mmoja wa kioo kulikuwa na watoto wanaocheza na kurukaruka, upande wa pili kulikuwa na maumbo ya rangi yanayozunguka na kubadilika.

Karibu watoto wote wasio na usonji walitumia muda mwingi zaidi kuwaangalia watoto wenzao. Miongoni mwa wenye usonji, takribani 4 kati ya 10 walitumia zaidi ya nusu ya muda kwenye maumbo. Kwa watoto wanaokua kwa kawaida, waliofanya hivyo hawakufika hata 2 kati ya 100.

Soma takwimu hiyo vizuri. Wanne kati ya 10 maana yake sita hawakufanya hivyo. Wapo watoto wengi wenye usonji wanaopenda kuangalia watu, wanaocheka, wanaokumbatia. Kwa hiyo mtu akikuambia "huyu hawezi kuwa na usonji, mbona anatabasamu?", jua hajakwambia kitu cha kukutuliza.

Wapo pia wazazi wanaosema, "Alipokuwa mdogo alikuwa ananiangalia vizuri, sijui nini kilimpata." Utafiti wa Warren Jones na Ami Klin wa Atlanta, uliochapishwa mwaka 2013, unawapa jibu. Waliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 3. Wale ambao baadaye walibainika kuwa na usonji walikuwa wakiangalia macho ya watu kama wenzao katika mwezi wa pili, kisha muda wa kuangalia ukaanza kupungua taratibu kati ya mwezi wa pili na wa sita.

Badiliko hilo ni dogo mno kwa jicho la kawaida. Vifaa ndivyo vilivyolinasa. Kwa hiyo mama hana sababu ya kujilaumu kwamba hakuliona.

Tofauti ya pili: umakini unahama vipi

Mtoto wa miaka 2 asiye na usonji ana umakini unaorukaruka. Anasukuma gari la kuchezea, mlango unalia, anaangalia mlango, anakuangalia wewe kujua ni nani, anarudi kwenye gari. Mtoto mwenye usonji mara nyingi akishika jambo analolipenda anazama ndani yake. Mlango unalia, unamwita, uji unawekwa mezani, yeye bado yuko kwenye gurudumu.

Mwaka 2004 Reginald Landry na Susan Bryson walichapisha utafiti wa watoto wadogo wenye usonji waliowekwa mbele ya picha. Picha moja ilitokea katikati, kisha nyingine pembeni huku ya kwanza ikiendelea kuwepo. Watoto wengine walihamisha macho haraka. Wenye usonji, katika jaribio 1 kati ya kila 5, walibaki kwenye picha ya kwanza kwa sekunde zote 8 mpaka jaribio likaisha.

Matokeo hayajafanana kila mahali. Utafiti mwingine ulioongozwa na Jason Fischer na kuchapishwa mwaka 2016 haukukuta tofauti hiyo kwa watoto wadogo. Hilo nalo lina funzo: mtoto mwenye usonji anaweza kuhamisha macho yake sawa na wenzake katika mazingira fulani, na akakwama katika mengine. Kwa hiyo usishangae anayegeuka haraka akisikia karatasi ya biskuti inafunguliwa, lakini hageuki ukimwita. Huo si ujeuri.

Mwaka 2005 Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson, ambaye mwenyewe ana usonji, walieleza hali hii kwa namna inayowasaidia wazazi wengi. Kwa maneno yangu naifananisha na taa. Umakini wa watu wengi ni kama taa ya sebuleni: inaangaza kila kona, ingawa si kwa ukali. Umakini wa mtu mwenye usonji ni kama tochi: panapoangazwa panaonekana kila chembe, na nje ya mwanga ule ni giza. Wewe unayeita uko gizani. Hakupuuzi, hujaingia kwenye mwanga wake.

Ndiyo maana pia anaweza kulia kwa uchungu unapomwondoa ghafla kwenye anachokifanya. Kwako umemhamisha kutoka kwenye vizibo kwenda kuoga. Kwake umezima tochi.

Tofauti ya tatu: kumshirikisha mwingine

Hii ndiyo tofauti yenye uzito mkubwa kwa mzazi wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Mtoto mwenye usonji anaweza kukuomba kitu vizuri tu. Wengi humshika mzazi mkono na kuupeleka kwenye mfuniko wa ndoo au kwenye kitasa cha mlango, mara nyingi bila kumwangalia usoni. Kinachochelewa au kukosekana ni kile kidole cha kuonyesha: kukuletea mdudu uone, kukugeukia ndege inapopita, kukuangalia usoni mbwa anapobweka ili ajue kama aogope au acheke.

Kwa hiyo usipime umakini wa mwanao kwa muda anaoweza kukaa na kitu. Kwa kipimo hicho shangazi ataendelea kusema ni injinia. Pima kwa mara anazotaka muone kitu pamoja.

Shangazi naye ana hoja

Hata hivyo shangazi hajakosea kabisa. Mwaka 2011 Zsuzsa Kaldy, Erik Blaser na wenzao wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Boston waliwapa watoto wa takribani miaka miwili na nusu kazi ya kutafuta kwa macho kitu kimoja kilichochanganywa na vingine vinavyofanana nacho. Watoto 17 walikuwa na usonji, na 17 wa umri ule ule hawakuwa nao. Hawakupewa maelekezo ya maneno. Wenye usonji walikipata mara nyingi zaidi.

Watafiti hao walipopima mboni za macho, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, walikuta za watoto wenye usonji zinapanuka zaidi wakati wa kutafuta, dalili kwamba wanaelekeza nguvu nyingi zaidi kwenye kazi ile.

Kwa lugha ya nyumbani, mtoto anayeona punje moja ya mchele chini ya kabati ana uwezo wa kweli. Uwezo huo hauondoi haja ya msaada katika mawasiliano, na haja ya msaada haiufuti uwezo huo.

Kabla ya kuogopa, zingatia haya

Dalili moja peke yake haitoshi. Watoto wengi hupanga vitu mstari, wengi hupenda feni, na kila mtoto kuna siku haitiki. Kinachotazamwa ni mkusanyiko wa dalili zinazoonekana siku nyingi na mahali pengi.

Masikio yapimwe kwanza. Jirani naye ana hoja. Mtoto asiyesikia vizuri hataitika, na tatizo la usikivu lina njia zake za kusaidiwa. Kusikia muziki wa katuni kutoka chumba cha pili hakutoshi kukuhakikishia, kwa sababu mtoto anaweza kusikia sauti fulani na kukosa nyingine.

Mwite jina analolizoea. Kwetu mtoto anaweza kuwa Abdulrahman kwenye kadi ya kliniki, Dula kwa baba na Babu kwa bibi yake. Jaribu kwa lile analolisikia kila siku.

Lugha mbili si sababu. Mtoto anayesikia Kisukuma kwa bibi na Kiswahili kwa mama hapati usonji kwa hilo, wala huhitaji kumnyima lugha moja.

Simu na televisheni hazisababishi usonji. Ila muda wa skrini unakula muda wa kuangaliana na kuzungumza. WHO inashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekewe skrini, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku.

Chanjo nayo haihusiki. Wengi huanza kuona dalili karibu na miezi 18, umri ambao mtoto hupata dozi ya pili ya surua na rubela, ndiyo maana watu huviunganisha. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia watoto 657,461 na haukukuta uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela.

Vivyo hivyo kwa uchawi na laana. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, walikuta maelezo ya mapepo, uchawi na laana yakitajwa pamoja na yale ya kitabibu. Huku kwetu mambo hayo si mageni. Tatizo ni muda: miezi inayoishia kwenye mizunguko hiyo ndiyo ambayo ubongo wa mtoto unajifunza kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote utakaofuata.

Jaribio la nyumbani la siku tatu

Chagua siku tatu ambazo mtoto hajachoka wala hana homa. Zima televisheni.

Mwite ukiwa nyuma yake, mara mbili kwa sauti ya kawaida, bila kumgusa wala kupiga makofi.

Nyoosha kidole kuelekea kitu kilicho upande wa pili wa chumba na useme "angalia kule!" Je, anaangalia kitu, anaangalia kidole chako, au hana habari?

Subiri kitu cha kuvutia kitokee chenyewe, kama bajaji kupita au kuku kuingia ndani. Je, anakugeukia ili muone wote?

Andika ulichokiona kila siku kwenye karatasi. Kama una simu, rekodi video fupi. Daktari ana dakika chache na mtoto anaweza kulala usingizi kliniki siku hiyo, lakini video ya nyumbani itaongea.

Lipo pia dodoso la maswali 20 linaloitwa M-CHAT-R, la watoto wa miezi 16 hadi 30, lililotungwa na Diana Robins na wenzake wa Marekani. Linapatikana bure mtandaoni na mengi ya maswali yake yanahusu mambo haya haya ya kuangalia, kuitika na kunyoosha kidole. Halitoi uamuzi kuwa mtoto ana usonji. Linakuambia kama kuna sababu ya kumpeleka kwa mtaalamu.

Ukiona mashaka, usisubiri afike miaka 4. Chanjo ya miezi 18 ni nafasi nzuri: usiishie kuchomwa sindano na kupimwa uzito, mwambie muuguzi ulichokiandika na uombe rufaa. Hospitali za rufaa za kanda kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, pamoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili, zina madaktari bingwa wa watoto. Na mtoto wa umri wowote akipoteza maneno au tabia alizokuwa nazo, kama kupunga mkono, mpeleke mara moja.

Wakati unasubiri: ingia kwenye mwanga wake

Habari njema ni kwamba umakini wa pamoja unaweza kufundishwa. Mwaka 2006 Connie Kasari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walionyesha kuwa watoto wa miaka 3 na 4 wenye usonji waliofundishwa jambo hilo kwa michezo walianza kulifanya hata wakicheza na mama zao.

Na haihitaji daktari bingwa kila siku. Katika majaribio yaliyofanyika Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, yakachapishwa mwaka 2016, wahudumu wasio mabingwa walifundishwa kuwaelekeza wazazi. Wazazi wakawa wepesi zaidi kwenda na mtoto, na watoto wakaanza wenyewe kuwasiliana nao mara nyingi zaidi. WHO nayo ina mafunzo kwa walezi yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani.

Msingi wa njia hizi unafanana, na unaweza kuuanza leo kwa dakika 10.

Kaa chini. Uso wako uwe sawa na wake, mbele yake, siyo nyuma au juu.

Mfuate, usimvute. Anapanga vizibo? Chukua kizibo kimoja na ukipange karibu na vyake. Akigonga sufuria, gonga yako vile vile. Watoto wengi husimama na kukuangalia, kwa mshangao kwamba kuna mtu amejiunga.

Sema maneno machache kuhusu anachokiangalia yeye. "Kizibo. Kizibo chekundu." Usiseme "angalia paka" wakati macho yake yako kwenye kizibo.

Tumia sauti na mwendo pamoja. Mwaka 2009 Ami Klin na wenzake walikuta watoto wa miaka 2 wenye usonji wanavutwa sana na mahali ambapo mwendo na sauti vinatokea kwa pamoja, kama viganja vinavyogongana katika mchezo wa kupiga makofi. Michezo ya makofi ya bibi zetu ina kazi hapa.

Nyamaza kidogo. Umemrusha juu mara tatu, akacheka. Ya nne simama na usubiri. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Akikutupia jicho hata kwa nusu sekunde, mrushe. Amejifunza kuwa kukuangalia kunaleta jambo zuri.

Mwambie kabla ya kumhamisha. Sogea, gusa bega, onyesha taulo, sema "vizibo viwili vya mwisho, halafu kuoga". Mpe muda.

Usimshike kidevu kumlazimisha akuangalie machoni. Baadhi ya watu wazima wenye usonji wanaeleza kuwa kuangaliana machoni kwa nguvu huwachosha au kuwaumiza. Akikusogelea na kukusikiliza huku akitazama pembeni, mawasiliano yapo.

Neno kwa bibi na baba

Fimbo haimfundishi mtoto huyu kuitika. Hakukataa kuja, hukumfikia. Akichapwa kwa kutogeuka, atakachojifunza ni kwamba mtu akitokea kwenye mwanga wake huja na maumivu, na ataufunga zaidi.

Baba, kusubiri nako kuna gharama. Ni kweli wapo watoto waliochelewa kuzungumza wakaja kuwa sawa. Lakini mtoto wa hivyo kwa kawaida hukuonyesha ndege kwa kidole hata kama hana neno la kuitaja. Asiye na neno na asiye na kidole anahitaji kuonwa. Akionwa na kukutwa hana tatizo, mmepoteza nauli na nusu siku tu.

Na mtoto akibainika kuwa na usonji, maisha hayajaisha. Zipo shule za umma zenye vitengo vya watoto hawa, Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo, na wapo wazazi waliotangulia ambao wanajua ofisi za kuanzia. Watafute mapema, ushauri wao wa nusu saa utakuokolea miezi.

Wiki hii, kabla ya yote, fanya hili moja. Zima televisheni, kaa sakafuni mbele ya mwanao, na kwa dakika 10 angalia anachokiangalia yeye. Usimfundishe kitu. Halafu andika kwenye karatasi ni mara ngapi alikugeukia. Iwe mara 20 au isiwe hata moja, karatasi hiyo ndiyo utakayoingia nayo kliniki.